Toroli la noti halikumleta Hitler: fundo la deni, bei na kura, 1914 hadi 1933

Kuna hadithi moja ya karne ya 20 ambayo karibu kila mtu anaijua na karibu kila mtu anaisimulia vibaya. Inakwenda hivi: Ujerumani ilishindwa Vita ya Kwanza ya Dunia, ikabebeshwa fidia, ikaanza kuchapa pesa hovyo, watu wakawa wanabeba noti kwenye toroli kwenda kununua mkate, wakakasirika, wakamchagua Hitler. Imekwisha hiyo. Ukiisikia haraka haraka inaingia akilini vizuri tu, tatizo ni tarehe. Toroli la noti ni 1923. Hitler anakuwa Kansela, yaani mkuu wa serikali, tarehe 30 Januari 1933. Hapo katikati kuna miaka kumi, na karibu nusu ya miaka hiyo ilikuwa ya nafuu, watu wakifanya kazi na kuweka akiba upya, na kwenye uchaguzi wa Mei 1928 chama cha Hitler kiliambulia asilimia 2.6 ya kura, viti 12 tu bungeni. Sasa kama hasira ya toroli ndo iliyompandisha, ilikuwa imelala wapi muda wote huo?

Halafu kuna jambo la pili, kubwa kuliko la tarehe. Mwaka 1932, pale kura zake zilipofika juu kabisa kabla hajawa Kansela, shida ya Mjerumani haikuwa noti kuzidi, shida ilikuwa noti hazipatikani. Bei zilikuwa zinashuka. Mkate unazidi kuwa rahisi na watu wanalala njaa, kwa sababu hata hiyo bei rahisi hawana. Ni ugonjwa mwingine kabisa, kinyume cha ule wa kwanza. Nataka tulifungue hili fundo polepole kwa sababu anayechanganya magonjwa mawili atachanganya na dawa, na hilo ndo hasa lililotokea: wakubwa wa Berlin waliuogopa sana ugonjwa wa 1923 kiasi kwamba ulipoingia ule wa 1930 wakautibu kwa dawa ya ule wa zamani, na mgonjwa akazidiwa mikononi mwao.

Tuanzie kabla ya vita, maana bila hapo mengine hayaeleweki. Hadi 1914 nchi kubwa za kiuchumi zilikuwa zimefunga pesa zao kwenye dhahabu. Noti ilikuwa kama risiti, ukienda nayo benki kuu unapewa dhahabu ya kiwango kilichotangazwa. Dola moja ilikuwa sawa na maki 4.2 za Kijerumani, na hiyo bei haikuchezacheza kwa miaka mingi, mtu alikuwa anaweza kupanga maisha ya uzeeni kwa pesa ya leo bila wasiwasi. Uzuri wake ni huo. Ubaya wake ni kwamba serikali haiwezi kutoa pesa nyingi kuliko dhahabu inavyoruhusu, na vita haina subira na mambo hayo. Kwa hiyo Agosti 1914, vita ilipoanza, Ujerumani ikasitisha mara moja kubadilisha noti kwa dhahabu, na nchi nyingine zilizokuwa vitani zikafuata kila moja kwa namna yake.

Sasa vita inalipiwa na nani? Kuna njia tatu tu, kodi, kukopa na kuchapa. Serikali ya Ujerumani iliona kodi kubwa zitawachosha watu wakati vijana wao wako kwenye mahandaki, ikachagua kukopa kwa wananchi wake yenyewe. Ilitoa hati fungani za vita mara tisa, na wananchi walinunua kwa moyo mmoja, walimu, wajane, wenye maduka, vyama vya kanisa, hadi jumla ikafika karibu maki bilioni 98. Karl Helfferich, aliyekuwa anasimamia hazina, aliliambia bunge mwaka 1915 kwamba mzigo huu watakuja kuubeba maadui baada ya vita. Hesabu yao ilikuwa hiyo, tutashinda na aliyeshindwa atalipa. Usiwacheke, maana upande wa pili nao walikuwa na hesabu hiyo hiyo. Ufaransa ilikopa Uingereza na Marekani, Uingereza ikaikopesha Ufaransa, Urusi na Italia huku yenyewe ikikopa Marekani, na bunduki ziliponyamaza tarehe 11 Novemba 1918 washirika walikuwa wanaelekea kudaiwa na Marekani jumla ya kama dola bilioni 10. Urusi wakati huo ilishajitoa, Wabolsheviki, wakomunisti walioshika madaraka huko, walitangaza mapema 1918 kwamba madeni ya mfalme hawayatambui, na maelfu kwa maelfu ya familia za kawaida Ufaransa zilizokuwa zimeweka akiba kwenye hati za Urusi zikabaki na karatasi.

Hapo ndo fundo linapoanza kukaza. Falme nne zilikuwa zimeanguka, ya Urusi, ya Ujerumani, ya Austria-Hungary, na ya Uturuki ilikuwa inamalizikia, mamilioni ya vijana wamekufa, lakini deni halifi na aliyelitumia. Ufaransa ilikuwa na mikoa yake ya kaskazini imekuwa vifusi, migodi imejazwa maji na jeshi la Ujerumani likiondoka, na inadaiwa. Ilitaka Ujerumani ilipe ili ijenge na ili imlipe Mwingereza na Mmarekani. Mwingereza alitaka alipwe ili amlipe Mmarekani. Mmarekani akasema deni la vita ni deni, fidia ni mambo yenu na Ujerumani, mimi nisichanganywe. Kila mmoja alikuwa na haki yake akiongea peke yake, ukiwaweka mezani pamoja haki zote haziwezekani kwa wakati mmoja. John Maynard Keynes, aliyekuwa mtu wa hazina ya Uingereza kwenye mazungumzo ya amani ya Paris, aliona hilo, akajiuzulu Juni 1919 kabla mkataba haujasainiwa na akaandika hadharani kwamba haulipiki.

Mkataba huo wa amani, wa Versailles, ulisainiwa 28 Juni 1919, na kiasi cha fidia kikatajwa Mei 1921: maki za dhahabu bilioni 132. Hii namba imetisha watu kwa miaka mia, ila kuna kitu wengi hawaambiwi. Ilikuwa imegawanywa mafungu, na fungu kubwa kuliko yote, bilioni 82, liliwekwa kwenye hati ambazo waliozipanga wenyewe hawakutegemea kwa kweli zitalipwa, ziliwekwa ili wapiga kura wa Ufaransa na Uingereza waone namba kubwa. Deni lenye uzito wa kweli lilikuwa bilioni 50. Bado ni mzigo mzito. Lakini mwanasiasa wa Ujerumani aliyetaka kuwachoma watu moyo hakuwa na haja ya kueleza mafungu, alitaja 132 na ikatosha. Namba iliyopangwa kuwatuliza watu wa Paris ikawa petroli Munich, alikoanzia Hitler.

Na kuchapa pesa je? Kulianza kabla hata fidia haijapangwa. Jamhuri mpya ilizaliwa Novemba 1918 katikati ya maasi, ina majeruhi wa kulipa, wajane wa kulipa, askari wanaorudi wanataka kazi, riba ya zile hati za bilioni 98, na kodi haitoshi hata kidogo. Kupandisha kodi ama kufukuza watu kazi kulimaanisha kuchochea mapinduzi mengine, kwa hiyo benki kuu iliendelea kuikopesha serikali kwa noti mpya. Kwa muda ilionekana kama inafanya kazi, viwanda vya Ujerumani vilikuwa na oda na watu wengi walikuwa na ajira wakati Uingereza na Marekani zina mdororo mkali mwaka 1920 na 1921. Kilichovunja imani ni siasa. Tarehe 24 Juni 1922 Waziri wa Mambo ya Nje, Walther Rathenau, alipigwa risasi barabarani Berlin na vijana wa mrengo mkali wa kulia, kwa sababu alikuwa Myahudi na kwa sababu alitaka maelewano na mataifa yaliyoshinda. Mwezi huo dola ilikuwa kama maki 300 na kitu. Desemba ilikuwa zaidi ya 7,000. Watu wa ndani na wa nje walisoma ile risasi wakaelewa kwamba nchi hii haitaweka mambo yake sawa karibuni, wakaanza kuikimbia maki.

Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji zikaingiza majeshi bonde la Ruhr, kwenye makaa ya mawe na chuma, kwa hoja kwamba Ujerumani imechelewesha fidia ya mbao na makaa. Serikali ya Berlin ikawaambia wafanyakazi wa Ruhr wagome na ikaahidi kuwalipa mishahara wakiwa nyumbani. Yaani sehemu inayozalisha sana imesimama, na waliosimama wanalipwa, kwa pesa gani? Kwa noti. Hapo ndo breki zilipokatika.

Ukitaka kuona mwaka huo kwa macho usiangalie grafu, angalia noti moja. Kuna noti ya maki 1,000 ya Ujerumani imeandikwa tarehe 15 Desemba 1922, kahawia, imechorwa vizuri kama noti za heshima zilivyokuwa. Juu yake, kwa mshazari, imegongwa kwa wino mwekundu maneno yanayosema sasa hii ni maki bilioni moja. Hawakuchapa noti mpya, hawakuwa na muda, walichukua ile ya elfu wakaigonga muhuri. Elfu imekuwa bilioni kabla karatasi haijachakaa. Noti nyingi za miezi ile zimechapwa upande mmoja tu, upande wa pili mweupe, kwa sababu kugeuza karatasi kungechelewesha. Wafanyakazi walikuwa wanalipwa kila siku, na wengine mara mbili kwa siku, wake zao wakiwa getini wanasubiri mshahara wakimbie nao dukani kabla bei mpya haijatangazwa. Novemba mkate mmoja Berlin ulikuwa kama maki bilioni 200, na dola moja ilikuwa trilioni 4.2. Ile 4.2 ya 1914 imerudi, ila ina sifuri kumi na mbili nyuma yake.

Naomba tukae kidogo kwenye swali la nani aliumia, maana hapa ndo kidonda chenyewe kilipo. Aliyekuwa na deni alipona. Mkulima aliyeweka shamba rehani alilimaliza deni lake kwa bei ya mayai. Mwenye viwanda kama Hugo Stinnes alikopa maki, akanunua migodi, meli na magazeti, akalipa deni kwa karatasi. Na mdaiwa mkubwa kuliko wote alikuwa serikali yenyewe. Chukua zile hati za vita, bilioni 98. Pesa mpya ilipoletwa ilibadilishwa kwa kiwango cha maki trilioni moja za zamani kwa moja mpya. Gawanya bilioni 98 kwa trilioni: unapata pfenigi kumi, yaani senti kumi za maki, hata hazifiki. Akiba za vita za taifa zima, za kila mwalimu na kila mjane aliyeamini tangazo la ukutani, kwa pamoja hazikuweza kununua hata mkate mmoja. Aliyekuwa na nyumba alibaki na nyumba, aliyekuwa na kiwanda alibaki na kiwanda, aliyekuwa ameiamini serikali akaipa akiba yake ndo aliyefilisika. Watu hawa hawakuwa maskini wa kuzoea umaskini, walikuwa watu wa kola nyeupe na heshima zao, wastaafu, wenye pensheni ndogo, na walichojifunza ni kwamba kufuata sheria na kujinyima ni ujinga. Hilo somo walilihifadhi.

Mwisho wake ulikuja haraka kwa namna ya kushangaza. Septemba 1923 Kansela Gustav Stresemann alisitisha ule mgomo wa Ruhr, na 15 Novemba ikatoka pesa mpya, Rentenmark, ambayo ilisemekana imedhaminiwa na ardhi na viwanda vya nchi. Kiuhalisia hakuna aliyeweza kwenda benki kukatiwa kipande cha shamba. Kilichofanya kazi ni kwamba kiwango chake kiliwekewa kikomo na serikali ikakatazwa kukopa zaidi benki kuu kama ilivyozoea, na watu walikuwa wamechoka kiasi kwamba walikuwa tayari kuamini. Siku chache kabla, usiku wa 8 Novemba, Hitler alijaribu kupindua serikali kuanzia ukumbi wa bia Munich, kesho yake polisi wakafyatua risasi na ikaishia hapo. Angalia hilo vizuri. Kwenye kilele kabisa cha toroli, alijaribu na akashindwa. Uchaguzi wa Mei 1924, makovu yakiwa bado mabichi, orodha ambayo watu wake waliungana nayo ilipata asilimia 6.5, na Desemba mwaka huo huo ikashuka hadi 3.

Iliyofuata ni miaka ya nafuu, na nafuu yenyewe ilisimama juu ya mguu mmoja. Mwaka 1924 ulipitishwa Mpango wa Dawes, jina la Mmarekani aliyeongoza kamati, fidia ikapangiwa malipo yanayoanza kidogo na Ujerumani ikapewa mkopo wa kuanzia wa maki za dhahabu milioni 800. Baada ya hapo mabenki ya Marekani yakamwaga mikopo. Fuata dola moja uone ilivyotembea: inatoka New York kama mkopo kwa mji fulani wa Ujerumani unaojenga nyumba za wafanyakazi, mji unailipa kwa mafundi, mafundi wanalipa kodi, serikali inaipeleka Paris na London kama fidia, Paris na London zinaipeleka Washington kulipa deni la vita. Imerudi nyumbani. Kila mtu kalipwa, na hakuna aliyelipa chochote, ila Ujerumani sasa ina deni jipya juu ya la zamani, na sehemu kubwa ya hilo jipya ni la muda mfupi, mkopeshaji anaweza kulidai akitaka. Stresemann mwenyewe alionya kabla hajafa Oktoba 1929 kwamba Ujerumani inacheza juu ya volkano, wakiamua kuita mikopo yao tumekwisha.

Na waliita. Mwaka 1928 soko la hisa New York lilikuwa linapanda kiasi kwamba mwenye dola hakuona sababu ya kuipeleka Hamburg, kwa hiyo bomba lilianza kukauka hata kabla ya kuanguka kwa soko. Oktoba 1929 soko likaanguka, likapumzika, likaendelea kuanguka, na kipimo cha Dow, cha bei za hisa, kilichokuwa 381 mwanzoni mwa Septemba 1929 kilifika 41 Julai 1932. Juni 1930 Rais Hoover akasaini sheria ya kupandisha ushuru wa forodha, ingawa wachumi zaidi ya elfu moja walimwandikia wakimsihi asiisaini. Fikiria, unamdai mtu dola, halafu unamfungia mlango asikuuzie bidhaa apate hizo dola. Nchi nyingine zikajibu kwa ushuru wao, na kufika mwanzoni mwa 1933 thamani ya biashara ya dunia ilikuwa imebaki kama theluthi moja ya ile ya 1929. Brazil ilikuwa inachoma kahawa yake, magunia kwa mamilioni, kwa kuwa bei haikulipa hata gharama.

Hapa dhahabu inarudi kwenye habari. Baada ya vita nchi zilirudi kufunga pesa zao kwenye dhahabu, Ujerumani 1924, Uingereza 1925, wengine wakafuata. Sasa mfumo huo una tabia moja, ukipungukiwa dhahabu lazima ubane. Upandishe riba, ukate matumizi, ushushe mishahara, hadi bidhaa zako ziwe rahisi watu wanunue dhahabu irudi. Nchi moja ikifanya hivyo inaweza ikapona. Zikifanya zote kwa pamoja, nani atanunua? Kila mmoja anabana, kila mmoja anamnyima mwenzake soko, bei zinashuka dunia nzima. Na kushuka kwa bei kunasikika kama habari njema mpaka uwe na deni. Chukua mkulima anayedaiwa maki 1,000 wakati gunia la rai, nafaka ya mkate wao, ni maki 20, anahitaji magunia 50. Bei ikifika 10 anahitaji magunia 100, shamba ni lile lile, mvua ile ile. Yeye hajakopa tena, deni limekua lenyewe. Mnada unakuja.

Kansela aliyekabidhiwa hali hii Machi 1930 alikuwa Heinrich Brüning, mtu mwadilifu binafsi, mkavu, mwenye kuamini hesabu. Bunge lilipokataa bajeti yake ya kubana, Rais Hindenburg akaipitisha kwa amri ya dharura kwa kifungu cha 48 cha katiba, bunge likavunjwa, na uchaguzi wa 14 Septemba 1930 chama cha Hitler kikatoka asilimia 2.6 kwenda 18.3, viti 12 vikawa 107. Miaka miwili, hakuna toroli, hakuna mfumuko wa bei. Brüning akaendelea kutawala kwa amri, amri juu ya amri, kodi zikapanda, mishahara ya serikali ikakatwa, msaada wa wasio na kazi ukapunguzwa. Ile ya 8 Desemba 1931 ni ya kusoma kwa makini: ilirudisha mishahara ya nchi nzima kwenye kiwango cha Januari 1927 kwa kalamu, ikakata kodi za pango na bei zilizopangwa kwa asilimia 10. Mshahara wako wa leo unafutwa unarudishiwa wa miaka mitano nyuma, na kazi yenyewe huna hakika nayo kesho.

Kwa nini asiache dhahabu? Uingereza iliacha 21 Septemba 1931, na nchi zilizoacha mapema kwa ujumla zilianza kupona mapema, Japani nayo iliacha Desemba ya mwaka ule ule. Ni swali ambalo wanahistoria bado wanabishana. Deni la Ujerumani lilikuwa kwa pesa za kigeni, kwa hiyo maki ikishuka deni linapanda. Mabenki yalikuwa yameshatikisika, Creditanstalt ya Vienna ilitetereka Mei 1931, Danatbank ya Ujerumani ikafunga milango Julai. Brüning pia alitaka dunia ione kwamba Ujerumani imejibana hadi mwisho na bado haiwezi kulipa fidia. Hizo ni sababu za kweli na sizidharau. Lakini juu ya zote kulikuwa na hofu ya 1923. Kila aliyependekeza kuongeza pesa kidogo kwenye mzunguko, watu wapate kazi za barabara na nyumba, alijibiwa kwa picha ya toroli. Kumbukumbu ya kweli ya mateso ya kweli ilitumika kukataza dawa ya mateso mengine, na mimi naona hilo ndo jambo la kuhuzunisha kuliko yote kwenye historia hii.

Mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walioandikishwa walikuwa milioni 6. Na hapa tena hadithi fupi inakosea, kwa sababu wengi huwa wanasema wasio na kazi ndo waliompigia Hitler. Aliyekosa kazi, hasa mfanyakazi wa kiwanda mjini, mara nyingi alikwenda kwa Wakomunisti, ambao Novemba 1932 walipata karibu asilimia 17. Waliojaa kwa Hitler zaidi ni waliokuwa bado na kitu cha kupoteza, mwenye duka dogo, mkulima wa Kiprotestanti wa kaskazini mwenye barua ya mnada mezani, karani, mstaafu. Wengi wao, hasa karani na mstaafu, ndo wale wale waliopoteza akiba 1923. Kwa hiyo toroli limo, silikatai, ila limo kama mfupa uliovunjika zamani ukaungwa vibaya, ambao mtu alitembea nao miaka saba akidhani umepona, na pigo la pili likatua pale pale. Bila pigo la pili angeendelea kutembea.

Hata neno "wakamchagua" linahitaji kurekebishwa. Julai 1932 chama chake kilipata asilimia 37.3, kikubwa kuliko vyote lakini si wengi wa nchi. Novemba kikashuka hadi 33.1, kura milioni mbili zikapotea, na bei zilikuwa zimeanza kutulia. Alikuwa anashuka. Aliyemwokoa hakuwa mpiga kura, ilikuwa mipango ya watu wachache kumzunguka Hindenburg, Franz von Papen akiwa mbele yao, waliodhani watampa ukansela wakamzungushia mawaziri wao na kumtumia. Kilichouma zaidi ni kwamba sababu kubwa ya kelele zake ilikuwa imeshaondoka, mkutano wa Lausanne Julai 1932 uliifuta fidia kwa sehemu yote iliyobaki isipokuwa kiasi kidogo ambacho hakikulipwa kamwe. Brüning, aliyeibana nchi miaka miwili kwa kutaka tarehe hiyo, aliondolewa madarakani wiki chache kabla haijafika.

Madeni ya washirika nayo yalikwenda njia yake. Uingereza iliacha kuilipa Marekani mwaka 1934, Ufaransa ilishaacha kabla yake. Baada ya vita ya pili, waliokaa mezani London mwaka 1953 kupanga madeni ya Ujerumani Magharibi wengi walikuwa wameishi miaka ile wakiwa watu wazima, wakafuta karibu nusu, na malipo yakapangwa kulingana na nchi hiyo itakavyoweza kuuza bidhaa zake nje. Riba ya hati za Dawes na za mpango wa Young uliofuata, ile iliyolimbikizwa kati ya 1945 na 1952, waliiweka pembeni wakakubaliana italipwa siku Ujerumani mbili zikiungana, siku ambayo mwaka 1953 hakuna aliyeiona karibu. Ziliungana 1990. Malipo ya mwisho, karibu yuro milioni 70, yalifanyika tarehe 3 Oktoba 2010, karibu miaka tisini baada ya toroli la 1923.